Shimo jeusi linapita juu ya Lindi kila siku

Mwezi wa saba, kusi likishafagia mawingu, toka nje kama saa nne usiku, uipe mgongo Kilwa, uso uuelekeze Mtwara, kisha nyanyua kichwa mpaka shingo ilalamike. Shuka kidogo kutoka utosini, upande wa kusini. Hapo pana nyota zilizojikunja mkia: ndiyo Nge, na moyoni mwake pana nyota nyekundu inayoitwa Antares. Kushoto kwa ule mkia Njia Nyeupe inanenepa, inakuwa nzito na yenye mabaka meusi. Usihangaike kutafuta kitu kinachong'aa kupita vingine, hakipo. Ila hapo umetazama kitovu cha galaksi yetu, yaani lile kundi kubwa la nyota ambalo Jua letu limo, na ndani ya kitovu hicho, umbali wa miakanuru kama 26,000, kuna shimo jeusi lenye tungamo, yaani wingi wa maada, la majua milioni 4.

Watu wa London nao wanakiona, lakini kwao hakipandi zaidi ya digrii 9 au 10 juu ya upeo. Kinachungulia nyuma ya mapaa, taa za mji zinakimaliza. Kwetu kinapanda mpaka digrii 71. Aliyezaliwa Lindi, Mtwara, Masasi au Newala ametandikiwa jamvi la mbele bila hata kuomba, halafu mambo haya anayajua kwa video za simu tu, tena zile zenye muziki wa kutisha. Inaniudhi kidogo.

Mimi ni mnunuzi wa dagaa. Nanunua dikoni, nachemsha kwa maji ya chumvi, naanika kwenye chanja, nauza kwa wanaokuja na magari kutoka bara. Kazi hii ina kusubiri kwingi. Boti zinatoka jioni na kurudi alfajiri, na anayechelewa kufika anakuta ndoo nzuri zimeshashikwa. Kwa hiyo tunawahi, saa tisa, saa kumi za usiku, tunapindua ndoo tupu na kukaa juu yake, tumejifunga kanga mbili mbili kwa ajili ya upepo, na cha kutazama hakuna zaidi ya bahari na mbingu. Dagaa wa taa huvuliwa giza. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wanakaa nyumbani kushona nyavu. Maana yake siku zangu za kazi ni zilezile ambazo mwanafalaki angezichagua mwenyewe, na nina darubini ya macho mawili, ya kibaharia, iliyokuwa ya marehemu baba.

Ukikaa ukingoni pale unaziona taa za boti zimetapakaa mbele yako. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu zinazotumia jenereta au betri ya sola. Moja kali, nyingine hafifu, nyingine inafifia na kurudi kwa sababu ya mawimbi. Mgeni ataapa kwamba ile kali ndiyo iliyo karibu. Mwenyeji hawezi kuapa hivyo. Pengine ile kali ni boti kubwa yenye jenereta iliyoko mbali kabisa, na ile hafifu ni mtumbwi wa kijana mwenye tochi, hapa hapa, ungepiga kelele angekusikia. Giza limefuta umbali wote, taa zote zinaonekana zimebandikwa kwenye ukuta mmoja.

Nyota ndivyo zilivyo. Inayong'aa kuliko zote usiku ni Sirius, ya pili ni Suheli, ile ambayo manahodha wetu waliijua tangu enzi za majahazi. Ukizitazama mwezi wa kwanza zinaelekea kulingana. Sirius iko miakanuru 8.6 kutoka hapa, na nguvu yake ya kutoa nuru ni kama Jua mara 25. Suheli iko miakanuru 310 hivi, na nguvu yake ni kama Jua mara 10,000. Ingesogezwa mpaka ilipo Sirius, vitu vingekuwa na vivuli usiku bila mwezi.

Nimeshasema miakanuru mara kadhaa, basi niieleze. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka kwenye Jua mpaka kwenye mgongo wako pale unapoanika dagaa, ni dakika 8 na sekunde chache. Mwendo wake wa mwaka mzima ni kilomita trilioni 9.46, na urefu huo ndio mwakanuru mmoja. Ni kipimo cha umbali, ingawa jina lina mwaka ndani yake. Jirani wa Jua aliye karibu zaidi, nyota ndogo nyekundu ya Proxima Centauri, yuko miakanuru 4.24.

Sasa swali alilonibana nalo nahodha mmoja pale dikoni, mtu mzima, mimi namwita Mzee Nahodha naye ananiita mwanangu: "Aliyekwenda kupima huko ni nani?"

Hakuna aliyekwenda. Chukua taa moja ya boti. Itazame kutoka upande wa mjini, kisha panda kivuko uitazame kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Ikiwa karibu itakuwa imehama sana ukilinganisha na taa za mbali nyuma yake. Ikiwa mbali itahama kidogo. Ukijua upana wa ghuba, hesabu ya pembe tatu inakupa umbali wa ile taa, na hujalowa hata kidole. Wanafalaki wanafanya hivyo kwa kutumia Dunia yenyewe kama kivuko: wanapima nyota leo, wanasubiri miezi sita, Dunia ifike upande wa pili wa Jua, kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa, wanapima tena. Friedrich Bessel alikuwa wa kwanza kufanikiwa, mwaka 1838, kwa nyota ya 61 Cygni. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na Wazungu mwaka 2013, kimepima kwa njia hiyohiyo nyota zinazokaribia bilioni moja na nusu.

Zikiwa mbali mno, kuhama huko hakuonekani tena, na hapo aliyeokoa jahazi ni mwanamke. Henrietta Leavitt alikuwa karani wa kupekua picha za nyota kule Harvard, akilipwa senti 30 za Marekani kwa saa, masikio yake yakizidi kufa. Mwaka 1912 alichapisha habari za nyota 25 zinazopanda na kushuka nuru kwa mpangilio, na akaonyesha kwamba kadiri mzunguko wake unavyokuwa mrefu ndivyo nyota yenyewe inavyokuwa na nguvu. Rudi kwenye taa zetu: ni kama vile ungeweza kujua wati za balbu kwa kuhesabu tu inavyopepesa. Ukishajua wati, ufifia wake unakwambia umbali. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble, kuanzia 1923, alionyesha kwamba kile kiwingu cha Andromeda kiko nje kabisa ya Njia Nyeupe, kwamba nacho ni galaksi kamili. Leo tunajua kiko miakanuru milioni 2.5 kutoka hapa. Mwanafalaki wa Isfahan, Abd al-Rahman al-Sufi, alishakiandika mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Nacho kinaonekana Lindi kwa macho matupu, upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na moja, mvua ikichelewa.

Lakini Mzee Nahodha hakuwa na shida na Andromeda. Alikuwa ametumiwa video. Sauti nzito ndani yake ilisema shimo jeusi linavuta kila kitu, limeanza kula nyota, na zamu ya Dunia inakuja. Mjukuu wake hakulala. Akanionyesha, mwanga wa simu ukimuumiza macho, akasema, "Wewe si ndiye msomi wa juu huko? Hili liko upande gani?"

Nikanyoosha kidole. Akatazama juu, akanitazama mimi, akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi.

Kumweleza ilinibidi nianzie kwenye nyota, na nyota ni gesi, na gesi watu wa Kusini tunaijua. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na tangu bomba la kwenda Dar es Salaam lianze kazi hakuna kijiwe ambacho hakijabishana kuhusu gesi. Tatizo ndilo hilo. Mtu akisikia Jua ni mpira wa gesi anaona moto wa jiko. Gesi ya Mnazi Bay inahitaji oksijeni ili iwake, na ikishawaka inabaki na atomi zilezile zilizobadilishana wenzi. Jua lingekuwa linawaka kwa namna hiyo lingekwisha kwa maelfu machache ya miaka. Lina miaka bilioni 4.6 na bado liko nusu ya safari.

Kinachofanyika ni kwamba katikati ya Jua pana mgandamizo mkubwa na joto la nyuzi milioni 15, na viini vya haidrojeni vinabanwa mpaka vinaungana kuwa heliamu. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za haidrojeni zinageuka, na tani kama milioni 4 kati ya hizo hazirudi tena kuwa kitu: zimekuwa nuru na joto. Nyota nzima ni ugomvi kati ya pande mbili. Uzito wake unataka kuiporomosha ndani, joto la moyoni linaisukuma nje, na zikiwa sawa nyota inatulia. Rangi nayo inatokana na joto la juu yake. Antares ni nyekundu kwa kuwa uso wake una nyuzi 3,000 na kidogo tu, Jua lina 5,500, na zile za bluu zinapita 10,000. Ajabu kwa mpishi: bluu ndiyo ya moto zaidi. Ila aliyewahi kupikia jiko la gesi hatashangaa.

Nyota kubwa hufa mapema. Unaweza kudhani yenye akiba kubwa ndiyo ya kudumu, kumbe yenyewe hula kwa pupa: nyota yenye tungamo la majua 15 au 20 haimalizi hata miaka milioni 20, wakati Jua letu linatarajiwa kufikisha bilioni 10. Na namna ya kufa inategemea uzito.

Jua litavimba kuwa jitu jekundu, litatupa maganda yake ya nje, na kitakachobaki ni kibete cheupe, mabaki yenye ukubwa kama wa Dunia na tungamo la nusu jua hivi, yakipoa polepole. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kila nyota huishia hapo. Aliyelikataa hilo alikuwa kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa kwenye meli. Mwaka 1930 alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza, na kati ya bahari hii hii yetu na bandari za Ulaya alikaa na karatasi zake akahesabu kwamba kibete cheupe kina kikomo cha uzito, ambacho leo tunajua ni majua 1.4 hivi. Kikizidi hapo hakuna kitu cha kukizuia kuporomoka. Arthur Eddington, bwana mkubwa wa fani hiyo Uingereza, alimkejeli mbele ya mkutano mwaka 1935, na fani ikamfuata Eddington. Tuzo ya Nobeli ilimfikia Chandrasekhar mwaka 1983. Mtu mzima wa miaka 73.

Kinachozidi kipimo hicho kina njia mbili. Ya kwanza ni nyota ya nyutroni, zile chembe zinazokaa ndani ya kiini cha atomi: jua zima na zaidi limebanwa kwenye mpira wenye kipenyo cha kilomita 20, yaani kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani na kurudi. Jocelyn Bell alizigundua mwaka 1967 zikiwa zinapiga mapigo ya redio, akiwa bado mwanafunzi, na Nobeli ya ugunduzi huo akapewa mwalimu wake. Na mabaki yakiwa mazito zaidi, majua kama mawili na ushei hadi matatu kwenda juu, hata nyutroni zinashindwa kubeba. Hapo yanaporomoka moja kwa moja, na ndilo shimo jeusi.

Hesabu ya kwanza kamili ya kitu cha namna hiyo iliandikwa vitani. Einstein alitoa nadharia yake ya uvutano Novemba 1915. Karl Schwarzschild, Mjerumani, alikuwa jeshini upande wa Urusi, akaisoma, akatatua milinganyo yake, na Mei 1916 akafariki kwa maradhi. Vita ileile ndiyo iliyoshuka mpaka Mahiwa, katika mkoa huu wetu wa Lindi, Oktoba 1917, na kuacha makaburi ya askari na wapagazi ambao hawakujua hata wanapigania nini. Sijui kwa nini vitabu vya shule vinaziweka habari hizi mbili mbali mbali.

Alichokipata Schwarzschild ni hiki. Ili kitu kiiache Dunia kisirudi lazima kiondoke kwa kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Kuliacha Jua kutoka usoni pake ni kilomita 618. Ukilibana Jua, tungamo lilelile katika nafasi ndogo zaidi, kasi inayotakiwa inapanda. Likifika nusu kipenyo cha kilomita 3, kasi ya kutoka inakuwa kasi ya mwanga, na hakuna kinachopita kasi hiyo. Mstari huo ndio mpaka. Hauna ukuta wala ngozi, lakini kilichouvuka hakitoki, hata nuru, ndiyo maana ya weusi. Dunia yetu ingehitaji kubanwa mpaka nusu kipenyo cha milimita 9.

"Sasa," nikamwambia Mzee Nahodha, "tuseme usiku huu Jua limebanwa hivyo, limekuwa shimo jeusi. Dunia itafanya nini?"

"Itavutwa."

Haivutwi. Uvutano unafuata tungamo na umbali, na hapo vyote viwili havijabadilika. Tutaganda kwa baridi, hilo kweli, na dagaa hawatakauka, lakini Dunia itaendelea kulizunguka lile giza kwa siku 365 na robo kama ilivyozoea. Shimo jeusi halinyonyi. Ukiwa mbali nalo ni uzito tu kama uzito mwingine. Hatari iko karibu yake, na lililo karibu zaidi kati ya yanayojulikana, lililopewa jina la Gaia BH1 mwaka 2022, liko miakanuru 1,560 hivi. Wala halikuonekana lenyewe: kilichoonekana ni nyota inayofanana na Jua ikizunguka kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kila siku 186.

Lile la katikati ya galaksi lilijulikana kwa njia hiyohiyo. Makundi mawili, moja la Reinhard Genzel na lingine la Andrea Ghez, yalitazama nyota za kitovuni tangu miaka ya 1990, mwaka hadi mwaka, kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho lakini unaopenya vumbi. Vumbi hilo ndilo yale mabaka meusi unayoyaona Julai kwenye Njia Nyeupe. Nyota moja, S2, inalizunguka shimo kila miaka 16, na Mei 2018 ilipita karibu nalo kabisa, kilomita bilioni 18 hivi, kwa kasi ya kilomita 7,700 kwa sekunde. Ukijua nyota inapita umbali gani kwa kasi gani, unajua imeshikwa na uzito kiasi gani: majua milioni 4, katika eneo ambalo hamna hata nyota moja inayowaka. Genzel na Ghez walipewa Nobeli mwaka 2020 pamoja na Roger Penrose, mtu wa hesabu.

Picha yake ilitolewa tarehe 12 Mei 2022, pete ya rangi ya chungwa yenye giza katikati. Ya kwanza kabisa, ya tarehe 10 Aprili 2019, ilikuwa ya shimo la galaksi ya M87, miakanuru milioni 55 kutoka hapa, lenye tungamo la majua bilioni 6.5. Picha zote mbili zilitokana na uchunguzi wa Aprili 2017 uliounganisha darubini nane za redio, na katika nane hizo hakuna hata moja iliyokuwa Afrika. Kuna mpango wa kujenga moja Namibia. Bara lenye kitovu cha galaksi utosini limekuwa likitazamiwa na wenzake, ingawa niwatendee haki Waafrika Kusini: sahani zao 64 za MeerKAT zimetoa picha ya redio ya eneo hilo ambayo mimi naiona nzuri kuliko ile pete.

Na hilo la kitovuni linatula? Jua liko mbali nalo miakanuru 26,000 na linazunguka galaksi, mzunguko mmoja kwa miaka kama milioni 230. Linachozunguka hasa ni uzito wote ulio ndani ya njia yake, mabilioni kwa mabilioni ya nyota pamoja na gesi na maada ya giza, ile isiyoonekana ila kwa uvutano wake, na majua milioni 4 katika hesabu hiyo ni chenji. Kipenyo cha mpaka wake ni kilomita milioni 24. Lingekaa ndani ya njia ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, na nafasi ikabaki.

Mzee akataka kujua ni lini nyota ya kufa kwa kishindo iliwahi kuonekana, maana hayo ya hesabu alikuwa ameshachoka nayo. Nikamwambia Februari 1987. Ilitokea kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo miakanuru 160,000 na kidogo. Ukitazama kusini mwezi wa kwanza unaliona, kama kiraka cha ukungu, na pembeni yake lile Dogo, ambalo ndilo Leavitt alilolipekua. Supanova hiyo, ndivyo unavyoitwa mlipuko wa nyota kubwa inapokufa, ilionekana bila darubini kwa miezi kadhaa kwa watu wa kusini mwa Dunia. Yeye mwaka huo alikuwa kijana, anavua na baba yake. Alifikiri sana, akasema huenda aliiona, huenda hakuiona, nyota ni nyingi.

Mimi ninayoipenda kuliko zote ni nyingine, na sababu ni Tendaguru.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini magharibi ya Lindi mjini, kilomita kama 60. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Waliochimba kwa mikono ni watu wa huku, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za mguu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Mjusi mkubwa kuliko wote amesimama Berlin, mita 13 na ushei kwenda juu. Ana miaka milioni 150 hivi. Tangu afe, Jua halijamaliza hata mzunguko mmoja wa galaksi.

Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya kupima mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, LIGO vya Marekani na Virgo cha Italia, vilinasa mtetemo wa nyota mbili za nyutroni zilizozungukana mpaka zikagongana. Sekunde chini ya 2 baadaye satelaiti ikaona mmweko wa miali ya gama. Darubini za dunia nzima zikageuzwa, ile kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, ikiwemo, zikakuta nuru mpya kwenye galaksi ya NGC 4993, na katika nuru hiyo zikaona dalili za elementi nzito zikizaliwa. Strontiamu ilitambuliwa kwa jina mwaka 2019. Dhahabu nayo hutengenezwa kwenye migongano ya namna hiyo, hivyo pete ya harusi ya mtu wa Nachingwea huenda asili yake ni ajali kama ile, kabla Jua halijakuwepo.

NGC 4993 iko miakanuru milioni 130. Nyota zile zilipogongana, mjusi wa Tendaguru alikuwa ameshalala ardhini miaka milioni 20. Habari ya ajali ilikuwa njiani wakati wote huo: alipokuwa jiwe, alipochimbuliwa, alipopita bandari yetu kwenye makasha, alipounganishwa Berlin.

Na wimbi lenyewe lilipita hapa. Lilipita kila mahali, na kila kitu duniani kilinyooka na kusinyaa, kwa kiasi kisichofika hata upana wa protoni katika urefu wa kilomita 4. Nikamwambia Mzee Nahodha saa: ilikuwa Alhamisi, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa zetu.

"Mwezi ulikuwaje?"

Nikatafuta kwenye simu. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 21, kwa hiyo tarehe 17 ni giza, watu wanakwenda kuvua.

"Giza?"

"Giza, Mzee."

"Basi saa tisa alasiri nilikuwa nimelala fofofo. Hata ningenyooka nisingejua." Akafuta kioo cha simu yake kwa shati, akaitia mfukoni. Boti ya kwanza ilikuwa imeshazima jenereta na kugusa mchanga. "Nyanyuka mwanangu, wenzako wanashika ndoo. Na leo bei haishuki."